Mstari wa Mita Saba

Kazini walimwita Dada Hesabu, na jina lilimkaa sawasawa. Kazi yake ilikuwa kukadiria mwendo wa mvuke unaochomoka bombani: ukingoni unavyosuguana na hewa iliyotulia, unavyojiviringisha, unavyopanuka hadi ukaishiwa nguvu. Kwa hesabu zake, mstari mwekundu ulichorwa kwenye sakafu ya kiwanda, mita saba kutoka kwenye vali ya usalama.

Siku ya kuuchora, fundi wa vali, mcheshi asiyejua kunyamaza, alisimama nyuma ya mstari akauliza, "Dada Hesabu, hapa nikisimama napona?"

"Hapo hata ukitaka kulala, lala," alimjibu, wakacheka.

Wiki tatu baadaye vali ilifunguka, mvuke ukachomoka. Fundi alikutwa amekufa kwenye upande ulio salama wa mstari. Uchunguzi ukaandika kwamba aliuvuka, akaungua, kisha akajikokota kurudi.

Dada Hesabu alifungua faili lake, akazipitia hesabu upya. Mle ndani alikuwa amesahau kubadilisha namba ya upanukaji ya kazi iliyotangulia, ya mvuke unaotoka kwenye ufa mrefu. Tundu la vali hii lilikuwa la duara, na mvuke wa tundu la duara hupanuka polepole zaidi, kwa hiyo ulifika mbali kuliko alivyokadiria. Alibadilisha namba, akapata mita kumi na moja.

Mkuu wake alimsikiliza, kisha akafunga mlango. "Mstari tutausogeza kimya kimya. Aliyekufa hafufuki, dada yangu. Achana nayo."

Akaachana nayo kwa mdomo tu. Birika likianza kuchemka jikoni, alirudi nyuma hadi ukutani. Sauti ya fundi ilimjia bafuni, ofisini, hata kwenye foleni ya benki, ikiuliza swali lile kwa ucheshi uleule. Aliogopa, tuseme ukweli, na alijichukia kwa woga wake.

Baada ya miezi tisa alipiga moyo konde, akaenda kwa mama yake fundi.

"Mama, mwanao hakuvuka mstari. Alisimama pale nilipomwambia. Nilikosea hesabu mimi."

Mama alikuwa akikunja nguo. Alikunja ya tatu, ya nne, ndipo mikono ikasimama.

"Tangu azikwe sijakanyaga kaburini," alisema. "Nilimkasirikia. Nikasema, masihara yake ndiyo yaliyomuua."

"Nisamehe, mama."

"Kesho utayasema haya kiwandani, mbele ya wote." Akainama kutafuta viatu vyake chini ya kitanda. "Leo nipeleke kaburini. Na mimi nina msamaha wa kumwomba."