Uvimbe Usio na Madhara

Siku yangu ya kwanza kazini, Kilosa, sikupewa karibu wala chai. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, mzee mkali mwenye koti lililofuliwa hadi likapauka, aliniita wodini akanisimamisha mbele ya mama mmoja wa Masanze aliyevimba chini ya sikio. Nikapeleka vidole moja kwa moja kwenye uvimbe. Mzee akaupiga mkono wangu mbele ya wagonjwa wote.

"Wewe binti, huo uvimbe utakimbia? Angalia uso kwanza."

Nilimchukia siku hiyo. Baadaye nilielewa. Tezi kubwa ya mate imekaa mbele ya sikio, na katikati yake hupita neva ya uso, yaani mshipa wa fahamu unaoamrisha misuli ya uso. Ukiingia kwenye tezi unagawanyika na kutanuka kama mguu wa bata: tawi moja linakunja paji, jingine linafumba jicho, jingine linavuta mdomo ukicheka. Ndiyo maana kila mwenye uvimbe pale nilimwambia akunje paji, afumbe macho kwa nguvu, aonyeshe meno, ajaze upepo mashavuni, kisha apige mluzi. Ninyi madaktari vijana mnakimbilia ultrasaundi kabla hamjamwona mtu akitabasamu. Haya, endeleeni.

Wengi waliokuja walisema wana matubwitubwi, ule ugonjwa wa watoto, hata wazee wenye wajukuu. Wengine walikuwa na kijiwe kwenye mrija wa mate, wengine usaha, wengine uvimbe wa tezi yenyewe, ambao mpasuaji mwenye subira huutoa akaiacha neva salama. Lakini upo uvimbe mwingine, wa nadra, unaoota kwenye ganda la neva yenyewe. Si saratani. Unakua polepole sana na kwa kawaida hauui. Katika kazi yangu yote niliukuta kwa mtu mmoja tu, na huyo mmoja ameniharibia ladha ya miaka yote.

Nilikuwa nimehamishiwa hospitali moja upande wa Mikumi, ambako kazi kubwa ilikuwa kushona watu wa ajali za barabara kuu. Masanja alikuja na mkewe. Alikuwa mfugaji, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, mtu wa makamo, mcheshi. Uvimbe wake ulikuwa mdogo na mgumu, mbele ya sikio la kushoto. Akafanya yote niliyomwagiza mpaka tulipofika kwenye mluzi. Akagoma.

"Mama, nikupigie mluzi wewe? Mtu mzima? Na mke wangu yupo hapa?"

"Basi toka nje, wapigie ng'ombe."

Akatoka. Mluzi aliopiga uliwainua mbwa wa mlinzi, na dereva wa lori aliyekuwa akinunua ndizi ng'ambo ya barabara akageuka kutazama. Mkewe akacheka hadi akajifunika kanga. Uso ulikuwa mzima kabisa.

Nilipochoma sindano nyembamba ili nivute seli za kupima, aliruka akasema amepigwa shoti mpaka kwenye mdomo. Hilo halikunipendeza. Nikamwandikia Daktari Bingwa wa upasuaji aliyekuwa akitutembelea, na alipokuja akasema tufungue tuone. Kabla ya hapo alimweleza Masanja kwamba huenda tusiutoe. Masanja akaitikia ndiyo, kama wanavyoitikia wote.

Nilikuwa msaidizi wa Bingwa siku hiyo. Alilitafuta shina la neva, akalipata, akalifuata. Likaingia ndani ya uvimbe na halikutoka upande wa pili; uvimbe na neva vilikuwa kitu kimoja. Akaugusa kwa ncha ya koleo, na shavu la Masanja, aliyekuwa usingizini, likaruka. Bingwa akaweka koleo chini.

"Hapa hakuna cha kutoa," akasema. "Tukiutoa huu, tumemtoa uso."

Akachukua kinyama kidogo mahali pasiporuka, akafunga. Mpaka leo naamini ule ndio upasuaji bora niliowahi kushuhudia. Majibu ya patholojia yalithibitisha: uvimbe wa ganda la neva, si saratani. Nikamwita Masanja, naye akaja na kaka yake mkubwa. Nikawaambia kwa furaha kwamba uvimbe hauna madhara, tutauacha, tutauangalia kila mwaka.

Kaka mtu akanitazama. "Hauna madhara?"

"Hauna."

"Sasa kama hauna madhara, mliogopa nini kuutoa?"

Nilieleza. Nilichora neva, nikachora mguu wa bata, nikaeleza tena. Masanja alikuwa akishikashika kovu lake na uvimbe ulio chini ya kovu. Waliaga kwa adabu zote. Wiki hiyohiyo Mganga Mfawidhi wa pale akaniita ofisini.

"Mama, huko stendi wanasema hospitali yetu inafungua watu na kuwafunga bure."

"Mkuu, tumemwokolea uso."

"Najua. Lakini uso alikuja nao. Uvimbe ndio alitaka uondoke."

Nilikasirika kwa kuwa hakukosea.

Masanja alirudi baada ya zaidi ya mwaka. Kwanza nilimwona mkewe, na alikuwa hacheki. Upande wa kushoto wa uso wa mumewe ulikuwa umeanguka wote. Jicho halifumbiki, jekundu, linachuruzika. Mdomo umevutwa kulia, na alifuta mate kwa leso kila baada ya maneno machache. Ndugu zake walikuwa wamempeleka kwa mpasuaji wa kliniki moja ambayo sitaitaja, akautoa uvimbe wote na neva yake. Masanja alikuwa nao kwenye chupa, akaniwekea mezani.

"Si huu, mama? Yule hakuogopa. Kasema uso utarudi wenyewe, nisubiri. Nimesubiri. Utarudi lini?"

Jamani, nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu. Neva ikikatwa, mpasuaji anaweza kuziba pengo kwa kipande cha neva kutoka mguuni, lakini asikawie, kwa kuwa misuli isiyoamrishwa hunyauka. Kusubiri ndiko kulikommaliza. Nilimpeleka kwa Bingwa hata hivyo, naye akathibitisha: misuli imekwisha, labda kuuinua kidogo ukingo wa mdomo. Masanja akakataa. Hataki tena kufunguliwa na watu wanaofunga bure.

Nikamwambia ukweli: hautarudi.

"Wewe ndiye uliyesema hauna madhara," akajibu.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe. Walisifu akina mama niliowazalisha na majeruhi niliowashona, wakanipa kitenge na saa ya ukutani. Uso tuliouacha mzima hakuutaja mtu. Daktari anasifiwa kwa alichokitoa. Alichokiacha kwa makusudi huonekana ni woga au uvivu. Nawaandikieni hili si kuwafariji. Litawakuta, na litawauma.

Sasa naishi Kilosa. Masanja ana ndugu Chanzuru, na akija kuwaona hupitia kwangu. Ananiamkia, anakaa, anakataa chai kwa kuwa humwagika. Kisha husogeza kiti karibu, anavuta pumzi, anakaza uso wote mpaka shingo inatetemeka.

"Shika hapa, mama. Si panacheza kidogo?"

Naweka vidole kwenye shavu lake. Nangoja, nangoja zaidi ya inavyohitajika.

"Hapachezi, Masanja."

Hukasirika, akachukua kofia yake na kuondoka bila kuaga. Na akija tena Chanzuru, hupitia kwangu.