Peremende Chini ya Kiti cha Omosh

Kwa masikitiko natangaza kifo cha baridi ya Doha. Marehemu ameacha ndani ya gari langu mchanga, vikombe vya chai ya karak na soksi moja isiyo na mwenyewe.

Leo nikaamua kusafisha. Nikaingiza mkono chini ya kiti cha abiria.

Vitu vyeupe, vidogo, vingi!

Anayekaa hapo ni Omosh, rafiki yangu mlinzi, ninayempeleka kazini kila asubuhi. Nikampigia.

"Omosh, peremende zako nizile ama nizitupe?"

"Tupa tu, mzee."

Simu ikiwa bado sikioni, nikavitazama vizuri. Vidonge vyake vya presha. Na mimi, daktari wa kujiteua, ndiye humpa maji ya kuvimezea; kumbe huvidondosha chini!

"Omosh, mbona?"



"Dawa hizo zinanipa usingizi, bro. Mlinzi akipatikana amelala anafutwa kazi, anarudishwa nchini kwao. Watoto watakula nini?"

Nikaacha kusafisha, tukaongea.

Ukweli wenyewe ni huu: gari bado ni chafu. Kesho tunaenda kliniki aombe kubadilishiwa dawa. Nilimuuliza kama naweza kuyaandika haya hapa.

"Andika," akasema. "Chumbani kwetu si mimi peke yangu ninayetupa dawa."