Dawa Nilizosema Nimetupa

Siku ile niliposimama hapa niliwasalimia mara tatu, mkaitika mara tatu mpaka mabati yakalia. Leo nasalimu mara moja tu: Bwana ni mwema, na mimi niko hai. Magoti yangu bado hayajakaa sawa na mchungaji amenipa muda mfupi, kwa hivyo niacheni niingie kwenye habari. Mnanijua. Mimi ni Mama Njeri wa Gitothua, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama. Wiki saba zilizopita nilishika kipaza sauti hiki nikawaambia kwamba mwili wangu umesafishwa. Mlipiga makofi sana. Nimerudi kuwaambia kilichofuata, na kuwaambia jambo moja nililosema siku ile ambalo halikuwa kweli.

Kazi yangu iko Kamakis, jikoni, kwenye hoteli ya nyama choma. Nasonga ugali na kukata kachumbari. Miaka tisa sasa. Nyama ikikatwa kwenye ubao, kile kipande cha mwisho chenye mafuta hakiendi kwa mteja na hakitupwi, na mimi ndiye nimekuwa nikikimaliza. Basi sketi ya sare yetu ilikataa kufunga zipu, nikawa naishikilia kwa pini. Tumbo lilijaa gesi. Choo kilikuwa kinakaa siku nne bila kuja. Kiungulia kilinichoma kila nikilala, na kwa hicho nilikuwa na vidonge vya kutafuna, vile vya kununua tu kwa duka la dawa. Vikumbukeni hivyo vidonge.

Mteja mmoja akanielekeza Thika, kwa dada mwenye ofisi ndogo juu ya duka la viatu. Amevaa koti jeupe. Watu walimwita daktari, naye hakuwakataza. Alinipa chuma nikishike mkononi, waya ukaingia kwenye kompyuta, na kabla sijakaa vizuri karatasi ikatoka. Ini limechoka. Figo zina mchanga. Utumbo una uchafu wa tangu utotoni. Jamani, nilishtuka. Nimeshika chuma kwa kiganja na chuma kimeona mpaka utumbo! Sikujiuliza kimeonaje.

Nilipewa mkebe wa unga wa kijani. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, kwa maji ya moto, siku kumi na nne. Chakula hakuna, ni juisi ya tango, limau na tangawizi, na maji lita tano kila siku. Dada akaniambia siku za kwanza nitaumwa, nisiogope, ikiuma ndiyo inafanya kazi.

Iliuma. Siku ya pili kichwa kiligonga mpaka nikafunga leso ya maji baridi nikaenda nayo kazini. Ulimi ulifanya utando mweupe. Jasho langu lilinuka hata mimi mwenyewe nikageuza uso, na Baba Njeri akahamia kwenye kochi. Kuhara sikuweza kuhesabu. Kwanza kilitoka chakula, halafu maji ya kijani, halafu kitu chenye utelezi ambacho sijui kilikuwa nini. Ngozi ya makalio ilichubuka nikawa napaka mafuta ya mtoto, na kule Kamakis niligeuza kreti ya soda nikaiweka karibu na mlango wa choo, nikawa nakatia vitunguu pale pale. Nilimpigia yule dada. Akacheka, akasema hiyo ni sumu inatoka, nifurahi. Nami nilifurahi, haki ya Mungu. Baba Njeri alipika uji akauweka mezani bila neno. Nilimwambia asinirudishe nyuma.

Jumapili ilinikuta siku ya saba. Zipu ilikuwa imefunga bila pini. Nikasimama hapa. Wengine mliniona nimebana miguu mkadhani ni unyenyekevu. Nilikuwa nimebana tumbo, na nilikuwa nimevaa pedi mbili.

Nilisema nini? Nilisema maumivu ni sumu inatoka. Nilisema kwamba katikati ya safari shetani atatumia hata watu wenu wa karibu, hata madaktari, wawaambie mwache, na msiwasikilize. Mlikuwa mnasema amina, na kila amina ilinivuta niongeze neno lingine. Ndipo nikasema, "Nimetupa dawa zangu zote, za hospitali na za duka." Hapo ndipo mlisimama mkapiga makofi.

Sikuwa na dawa za hospitali. Sijawahi kuwa nazo. Nilikuwa na nusu karatasi ya vidonge vya kiungulia, na hata hivyo sikuvitupa. Vilikuwa ndani ya mkoba wangu pale kwenye kiti, na nilikuwa nimetafuna viwili asubuhi hiyo hiyo.

Mkiwa mnatoka, Mama Ciru wa Kimbo alinishika mkono hapo langoni. Nyote mnamjua, mama wa kupanga viti. Mama Ciru ana sukari, anameza vidonge asubuhi na jioni. Alitaka namba ya yule dada nikampa. Halafu akaniuliza, "Zote?" Nikajua anauliza nini. Nikamjibu, "Zote," kwa sababu tumbo lilikuwa limefika mwisho na nilitaka kukimbia choo. Neno moja tu.

Wiki ya pili haikuwa kama ya kwanza. Misuli ya miguu ilikuwa ikikaza ghafla, kigimbi cha mguu kinakuwa kigumu kama jiwe na siwezi kukinyoosha. Vidole vilifa ganzi. Siku ya kumi na moja moyo ulianza mambo yake. Unaruka, unanyamaza, unapiga haraka haraka, unanyamaza tena. Nilisema ni sumu ya moyo. Jamani, mtu anaweza kujiambia chochote.

Siku ya kumi na tatu, Jumamosi, wateja wa mchana wamejaa, nilikuwa nakata nyanya. Kisu kikatoka mkononi. Sikukiangusha, mkono ulikataa tu kukishika. Nikataka kukiinamia na miguu ikakataa pia. Nilianguka katikati ya jiko na sinki, na kila kilichokuwa tumboni kikatoka pale pale, mbele ya wapishi wote. Nilikuwa nawasikia wakiniita na siwezi kuinua hata shingo. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu.

Hospitalini kulikuwa na daktari msichana, mpole, mwenye haraka. Akaniuliza nimekuwa nikinywa nini. Nikamwambia ni detox tu, ya kutoa sumu. Alikuwa ameshika karatasi ya damu yangu, akaitazama, akanitazama mimi.

"Mama, hakuna sumu imetoka. Kilichotoka ni chumvi ya mwili wako. Hii moja ya kufanya moyo upige imebaki kidogo sana. Ungengoja kesho, sijui kama tungekuwa tunaongea."

Nilibishana naye! Nimelala pale siwezi kujigeuza na bado nilibishana. Nikamwambia nilipimwa Thika na mashine. Akaniuliza kama walitoa damu. Hapana. Walichukua mkojo? Hapana. Akaniuliza, basi walipima nini? Nilijiona mjinga mbele ya mtoto ambaye ningeweza kumzaa.

Waliniwekea dripu yenye ile chumvi. Inachoma. Inapanda na mshipa kutoka kwenye kiganja mpaka kwapani, na hakuna namna ya kuuweka mkono isichome. Kesho yake, wakati anabadilisha chupa, yule daktari aliniuliza kama kuna dawa nyingine niliacha kwa ajili ya detox, kwa maana wengine huacha za sukari na za presha, na wakiletwa wameshachelewa.

Mama Ciru. Nilihesabu siku kwa vidole vyenye ganzi. Alikuwa ameanza Jumatatu, na leo ilikuwa Jumapili.

Baba Njeri alikuwa amekuja kuniona, nikamwomba simu. Mama Ciru alishika mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyetoka kulala, lakini yenye furaha. Alisema kichwa kimekuja, kiu imekuja, anakojoa kila saa, macho yanaona ukungu, na miguu imechoka. "Vyote vimekuja vile ulisema," akaniambia. "Sumu inatoka."

Nikamwambia aache, aende hospitali sasa hivi, mimi mwenyewe niko kwa dripu.

"Ulituambia watu wetu wa karibu watatukatisha tamaa," akasema. "Sikujua itakuwa wewe. Nitakuombea." Akakata.

Nilikuwa nimefunga mlango kwa mkono wangu mwenyewe na sasa nilikuwa nabisha hodi. Nikampigia tena, nikampa yule daktari azungumze naye. Mama Ciru alimsikiliza kwa heshima, akamwambia kwamba hata madaktari walitajwa kwenye ushuhuda. Simu ikakatwa tena. Baba Njeri akasema atapanda gari aende Kimbo, lakini nilijua atapikiwa chai na kurudishwa.

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho sikuwa nimekisema, na sikutaka kukisema, hata nikiwa kitandani. Nilipiga mara ya tatu.

"Mama Ciru, nilidanganya kanisani."

Niliendelea kabla hajakata.

"Sikutupa dawa yoyote. Zilikuwa ni zile za kiungulia, za kutafuna, na ziko kwa mkoba wangu mpaka saa hii. Za hospitali sijawahi kuwa nazo. Nilisema hivyo ndio mnipigie makofi."

Akasema polepole sana, "Mimi zangu nilizitupa kwa choo."

Binti yake Ciru alimpeleka hospitali kabla jua halijashuka. Walipomdunga kidole, mashine haikutoa namba. Sukari ilikuwa imepita pale ambapo mashine inajua kuhesabu. Alilazwa siku kumi. Mimi nilitoka kabla yake, na jambo la kwanza nililokula nyumbani ni uji wa Baba Njeri, mwepesi, na ndizi mbivu, nikilia kama mtoto.

Nilienda kumwona wodini. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Akaniacha niyaseme yote, halafu akaniambia amenisamehe, lakini yeye si wa kuambiwa peke yake. "Hukuniambia mimi kwa sikio," akasema. "Uliambia kanisa. Enda uambie kanisa." Hiyo ndiyo sababu mnaniona hapa. Singekuja kwa hiari yangu, nisiwadanganye tena.

Nashukuru. Namshukuru Mungu ambaye aliniangusha mchana, mbele ya watu, badala ya kuniacha nijifie kimya chooni. Nawashukuru wapishi wenzangu walioniosha bila kuziba pua. Baba Njeri, ule uji niliukataa na nikakusema vibaya kwa majirani. Nisamehe mbele ya hawa. Na yule daktari, popote alipo zamu leo, abarikiwe.

Ushauri wangu ni mfupi. Ukinywa kitu na mwili ukapiga kelele, huo mwili haushukuru, unaomba msaada. Uache, uende upimwe damu, si kushika chuma. Na dawa uliyopewa hospitali usiiache kwa neno la mtu, hata mtu huyo akiwa ameshika kipaza sauti cha kanisa. Hasa akiwa amekishika.

Nimebakisha kitu kimoja. Siku ile niliwapa watu watano namba ya Thika. Mama Ciru ni mmoja. Watatu nimewafikia, wameacha. Wa tano simjui. Alinipigia kwa simu ya kuazima, akasema ni wa kanisa letu, na ile namba nikipiga haipatikani. Kama umekaa hapa, usione aibu. Aibu yote nimeshaibeba mimi. Mama Ciru amekaa pale kiti cha mwisho karibu na mlango kwa sababu hatembei sana bado, na vidonge vyake vipya viko kwenye mkoba. Pita kwake, atakuonyesha.

Siku ile mlipiga makofi. Leo naomba msipige. Mwenye dawa ya jioni, akifika nyumbani ainywe.