Mwisho wa Mama Mkate

Wifi yangu tunamwita Redio, na jina hilo hakulipata kwa umbea, ingawa umbea nao anaujua. Alilipata kwa kusoma. Karakana yetu inashona sare. Chumba cha mbele ni cha vyerehani na kelele; sisi wa chumba cha nyuma ni kazi ya mkono, vifungo na pindo na kukata nyuzi zinazoning'inia. Ni kazi ya kimya, inasinziza. Ndiyo maana tulikubaliana zamani mmoja wetu awe anatusomea, na vifungo vyake tugawane wengine. Redio akakaa kwenye kigoda cha dirishani na hakutoka tena. Sauti yake, jamani! Akisoma maneno ya mzee unasikia kikohozi. Akisoma askari wanakuja, unajikuta umekunja miguu chini ya meza.

Fundi mkuu alinuna mwanzoni. Alipoona sare zinatoka mapema kuliko zamani, akanyamaza, na siku hizi huja kusimama mlangoni akijifanya anakagua kola.

Kitabu kilichotuletea balaa ni riwaya nene ya zama za waumini wa kwanza. Kuna mfalme katili, kuna magereza, kuna watu wanasali chini ya ardhi wakiogopa hata kukohoa. Na kuna mwanamke mwokaji anayewaficha waumini nyuma ya tanuri lake. Mwandishi alimpa jina refu la kukwama kooni, sisi tukamwita Mama Mkate. Tulimpenda kama ndugu wa damu. Mtu akichelewa kazini alikuwa anaambiwa, "Mwenzio Mama Mkate saa hizi keshaoka."

Karibu na mwisho Mama Mkate akaota uvimbe kifuani. Redio akatusomea jinsi alivyomfukuza tabibu na kisu chake, akafunga na kuomba siku arobaini, na asubuhi moja akaamka, akajipapasa, hamna kitu. Chumba kizima kililia. Mimi nisiyelia hata msibani nilijichoma sindano makusudi nipate kisingizio.

Basi ikawa Alhamisi moja, kitabu kile tumeshakimaliza na kuanza kingine, mwenzetu Kidoti akasema bila kuinua kichwa, "Jumatatu siendi."

Kidoti ni mama wa watoto wawili, ana alama nyeusi kidevuni, na ndiye anayetuchekesha sote. Tulijua habari zake. Daktari alimkuta na kivimbe kwenye titi, akamwambia kikatwe haraka kabla hakijasambaa. Alikuwa amepangiwa Jumatatu.

"Huendi wapi?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa nimeelewa.

"Hospitali. Nimeanza kufunga tangu juzi. Nafanya kama Mama Mkate."

"Wee! Una wazimu? Ile si hadithi tu ya kitabuni?"

Akaweka shati chini. "Yule mfalme ni hadithi? Mchungaji alimtaja kwa mdomo wake madhabahuni. Ule mji ni hadithi? Si upo mpaka leo, watu wanapiga picha. Sasa nieleze, dada, mfalme wa kweli, mji wa kweli, magereza ya kweli, halafu huyo mmoja aliyepona ndiye awe wa uongo? Kwa nini yeye tu?"

Mimi ni mtu wa maneno, muulizeni kaka yake Redio niliyeolewa naye, lakini hapo nikamgeukia Redio anisaidie. Redio alikuwa ameduwaa, kitabu kimemlalia mapajani. Akasema anakwenda kunywa maji, na hakurudi mpaka tulipoanza kufungasha.

Njiani kurudi nyumbani alinishika kiwiko. "Wifi, hakupona."

"Nani?"

"Mama Mkate. Kitabuni anakufa. Niliwaona mnavyonikodolea macho, yule Kidoti amekumbatia shati kama mtoto, nikashindwa kusoma. Nikatia chumvi kidogo."

"Kidogo? Redio, ulimwaga gunia!"

Akaanza kulia pale pale barabarani, watu wanapita wanatutazama. Nilimkasirikia na nikamhurumia kwa pamoja, na kuliko yote nikaogopa. Nikamwambia awaambie kesho. Akasema hawezi, wakijua hivyo hawatamsikiliza tena maisha. Twende kwa mchungaji, akasema, mchungaji atamaliza.

Ijumaa tukatoka kazini moja kwa moja hadi ofisini kwake. Kuhusu mwisho wa kitabu Redio hakugusia. Aliuliza tu yule mwokaji alikuwepo au hakuwepo. Mchungaji akavua miwani. "Mfalme alikuwepo. Mateso yalikuwepo, watu wa wakati ule wameyaandika. Huyo mwokaji sijakutana naye popote. Nadhani mwandishi alitaka mtu wa kutupitisha kwenye milango ya zama zile, akamtunga. Ruhusa anayo, ni riwaya." Tulipomwambia ya Kidoti akasimama wima. Alikwenda kwa Kidoti jioni ile ile. Akamwambia kufunga na daktari havigombani, aende akakatwe na kanisa litamwombea.

Mchungaji alirudi kwetu anakuna kichwa. Kidoti alimpokea kwa heshima zote, akamwekea kiti, akamwambia, "Baba Mchungaji, wewe kutokumjua hakumfanyi asiwepo. Waokaji wangapi waliandikwa majina?"

Usingizi ukanikimbia. Hivi ningemjibu nini mimi? Na mbaya zaidi, Kidoti alikuwa anasema kweli, waokaji hawaandikwi.

Jumamosi huwa tunafanya nusu siku. Kidoti alikuja midomo imempasuka kwa kufunga, sindano inalikosa tundu la kifungo. Hakutania mtu. Mimi nilikuwa namtazama Redio, namkata jicho, nasema moyoni: sema, mwanamke, sema, mtu anakufa hapa huku wewe unaona haya.

Redio akakaa kwenye kigoda. Akatoa kitabu kile cha zamani. "Leo narudia sura moja," akasema, na wenzetu wakafurahi, maskini, wakavuta viti karibu.

Akasoma. Mama Mkate akagusa uvimbe kifuani wakati anakanda unga. Akauficha chini ya nguo. Tabibu akaja na kisu, Mama Mkate akamwogopa, akamwambia arudi baada ya mavuno. Waumini wakamwombea. Mavuno yakaja. Sauti ya Redio ikaanza kukatika. Akameza mate, akasoma kwamba asubuhi ya mwisho majirani waligundua kabla ya kuambiwa, maana tanuri lilikuwa la baridi.

Hakuna aliyeshona. Fundi mkuu pale mlangoni alisahau hata kushika kola.

"Umeruka," Kidoti akasema.

"Sijaruka. Siku ile ndiyo niliyoruka."

"Umeruka! Anafunga siku arobaini, anaamka..."

"Hizo siku arobaini ni za kwangu, Kidoti. Nilizitunga hapa hapa nilipokaa. Hazimo."

Kidoti akainuka, akamnyang'anya kitabu. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, midomo inacheza bila sauti. Alisoma mpaka chini ya ukurasa, akageuza, akasoma na wa pili.

"Amekufa," akasema. "Kumbe alikuwa amekufa siku zote hizi."

"Kafa kitabuni," Redio akasema, machozi yanamtiririka, "na huyo wa kitabuni naye hakuwahi kuishi. Wewe unaishi. Nenda Jumatatu, nakuomba, nitakupigia magoti."

Kidoti alimtazama. Macho yale nisingependa yanitazame mimi. "Nilikuwa natafuta mahali pa kushika," akasema. "Nikashika kwako."

Akachukua mkoba, akatoka na kitabu chetu, akaacha shati kifungo kinaning'inia. Wengine nao wakaanza kukusanya vitu vyao kimya kimya. Mmoja alipopita karibu na Redio akamuuliza, "Na yale mengine uliyotusomea miaka yote?"

Jumapili Kidoti hakuonekana kanisani. Simu yake imezimwa. Tulikwenda kugonga kwao, binti yake mkubwa akatuambia mama amelala na amesema asiamshwe. Niligombana na Redio njia nzima, kisha nikagombana na kaka yake kwa sababu alikuwa karibu.

Jumatatu asubuhi tuliomba ruhusa kwa fundi mkuu, tukawa kwenye benchi la hospitali mapema, nje ya mlango wa upasuaji. Hatukujua kama atakuja. Kila mlango wa mbele ulipofunguka Redio alinibana mkono, mpaka nikamwambia aniachie mfupa. Akaja mzee na mkongojo. Akaja mama na mtoto. Nesi akapita anaita majina, akaita la Kidoti, kimya. Akaita tena. Nesi akaandika kitu, akaendelea na wa pili.

Kisha Kidoti akaingia, anahema, na mama yake nyuma kabeba mfuko wa nguo. Akamkimbilia nesi, wakaongea kwa haraka. Nesi akamwonyesha benchi, asubiri ataitwa.

Alinisalimia mimi. Redio hakumsalimia. Lakini alikaa katikati yetu. Mama yake akasema tumwombee, tukaomba. Tukamaliza, Kidoti bado anautazama mlango wa upasuaji.

Kidoti akafungua mkoba, akatoa kitabu, akakiweka mapajani mwa Redio.

"Nisomee."

Redio hakukigusa. "Nisome wapi?"

"Pale anapopona."

"Kidoti, lakini pale..."

"Najua. Najua si kweli, najua ni yako, usinieleze tena." Akaushika ukingo wa benchi. "Anza kabla hawajaniita."

Redio akanitazama. Akakisogeza kitabu pembeni bila kukifungua, akakohoa kidogo kama anavyofanya kazini, akaanza.