Chupa Iliyomwagwa Mlangoni

Kaka yangu hakuanza kunywa kwa starehe. Wakati wa vita, watu wenye silaha walimnyang'anya baiskeli aliyosukumia chumvi na mawese kati ya Kindu na Kalima, wakamtwika masanduku yao. Kila walipopumzika walimpa lotoko, ile pombe kali ya muhogo na mahindi, ili mabega yasahau. Mabega yalisahau. Vita viliisha, lotoko ikabaki.

Mwaka jana mke wake alimpeleka kwa muuguzi wa kituo cha afya. Muuguzi akaonya kwamba aliyekunywa miaka yote hiyo akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege akafa. Apunguziwe polepole, na ale kwanza. Basi shemeji akaificha chupa ndani ya pipa la unga, akawa anampimia kwa kikombe kidogo cha chai baada ya ugali, kila juma pungufu kidogo. Kaka akaanza kuamka mapema na kuziba pancha za watu barazani.

Tungeishia hapo kwa furaha, kama tusingekuwa na ukoo. Chumba cha maombi cha mtaani kwetu Mikelenge, ambako shemeji aliimba kwaya, kilipata habari. "Mama, unamunywesha shetani," mchungaji alimwambia mbele ya watu wote. Baba mdogo, mkubwa wa ukoo wetu, akaitisha kikao. Nami nilikuwepo na digrii yangu. Nilihutubia kwa Kifaransa juu ya onyo la muuguzi, kidole hewani, kana kwamba nina darasa.

"Umemaliza?" baba mdogo akauliza.

"Nimemaliza."

"Merci, profesa. Sasa kaa, tuongee mambo ya watu."

Wakaamua kaka akafunge kule kwenye maombi, bila chakula wala maji. Desturi ya huko ni kwamba mnywaji huimwaga chupa yake mwenyewe mlangoni, watu wakipiga makofi. Kaka akaimwaga ile ile ya kupimiwa. Hakuna aliyemlazimisha. Alitaka kupona, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kesho yake mchana, mimi na shemeji tulimkuta sakafuni, mwili mzima unaruka, macho yamegeuka, povu mdomoni. Na wao? Walizidisha ngoma.

"Inatoka! Pepo inatoka!"

"Mutu anakufa, munaimba?" shemeji akapiga kelele, akipenya katikati ya wanakwaya wenzake.

Shemasi akamzuia. "Mama, usiogope. Pepo njo inatoka hivi."

"Itatoka roho yake! Shemeji, kamata miguu!"

Nilikamata miguu. Huo ndio mchango mzima wa chuo kikuu katika habari hii. Tulimfunga juu ya baiskeli kwa mipira ya tairi kama gunia la makaa, tukamsukuma hadi kituo cha afya. Akapona. Muuguzi, bila kutukana mtu, akaanza naye upya. Mimi ningetukana.

Sina ugomvi na kuacha. Kaka mwenyewe anataka kuacha kabisa, na pengine ataacha. Nina ugomvi na watu waliomwona akipunguza wakasema ni dhambi, kisha wakamwona akifa wakasema ni muujiza.

Juma lililopita baba mdogo alikuja akisukuma baiskeli yenye pancha, na ujumbe: kaka aende akatoe ushuhuda jinsi kufunga kulivyomponya. Alimkuta amemaliza kula. Shemeji akaleta kikombe, lotoko imefunika kitako tu.

"Hata mbele yangu?"

"Ushuhuda njo huu, Baba," kaka akasema, akanywa. "Waambie wakuje kuuona."

Kisha akaigeuza baiskeli ya mzee kichwa chini, akavua tairi, akatafuta tundu. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

Baba mdogo aliitazama mikono hiyo. "Mungu asifiwe," akasema. "Mumeona kufunga kulivyosaidia?"

Shemeji alinitolea macho ninyamaze. Nikaingia ndani, nikalipiga teke pipa la unga. Lilikuwa limejaa; nikatoka nachechemea.