Nzuri, Ila

Mtaalamu wetu alikuwa na neno moja kwa mtu anayekagua makosa kwenye programu: mwoga. Alilisema ameegemea kiti, miguu juu ya ndoo ya rangi, katika chumba tulichopanga Pangani ya Kibaha na kukiita ofisi. Nilimdharau tangu wiki ya kwanza, na wakati huo sikuwa hata na sababu ya maana. Ndevu zake zilizochongwa zilinitosha.

Tulikuwa tunatengeneza mashine za kutotolesha vifaranga. Ndani ya kila sanduku kulikuwa na kompyuta ndogo, na ndani yake programu aliyoiandika yeye kwa lugha ya C, ya kuwasha na kuzima hita. Sheria ya lini hita iwake haikuwa ndani ya C, maana kila badiliko lingetulazimu kuijenga programu upya na kuifuata mashine huko iliko. Ilikaa pembeni kwenye faili, mstari mmoja wa lugha nyepesi iitwayo Lua: joto likishuka chini ya kiwango fulani, washa. C inaukabidhi mstari kwa Lua, Lua inaupigia hesabu na kurudisha jibu. Mkulima akitaka kubadilisha kiwango anagusa mstari ule, basi. Wazo zuri, tena halikuwa lake. Alilikuta mtandaoni kama sisi wote, lakini alitamba nalo kama aliyelizaa.

Sasa, Lua ikishindwa, husema. Kabla ya jibu lenyewe huiambia C kama imeweza au haikuweza, na ikishindwa huweka maelezo ya kosa mahali pa jibu. Mtaalamu hakujishughulisha na hilo. Alichukua chochote kilichorudi, akakilazimisha kiwe namba, akaendelea na safari. Maelezo ya kosa ukiyalazimisha kuwa namba unapata sifuri, na sifuri kwetu ilikuwa na maana kwamba joto linatosha, zima hita. Nilimwonyesha. Nikamwambia ni mistari michache tu ya kuongeza.

"We naye mwoga bana," akasema. "Lua itashindwaje kulinganisha namba mbili?"

Mashine moja ilikwenda Kibuta, Kisarawe, kwa mwalimu mstaafu, mama wa usharika wa Kilutheri. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulikuwa umepita na kufagia mabanda ya pale. Akina mama wa jumuiya yake walikusanya mayai ya kuku wachache waliobaki, wakampelekea yeye ayatotoleshe, ili kila mmoja aanze tena kufuga. Hawakuwa na mbegu nyingine.

Panya akatafuna waya wa kipima joto. Lua ikaambiwa ilinganishe joto ambalo halipo na namba, ikakataa, ikatamka kwamba imeshindwa. C ikasoma sifuri. Hita ikazimika, na taa ya kijani ikaendelea kuwaka kuonyesha kwamba mambo ni salama.

Asubuhi hiyo mtaalamu alikuwa anawapigia wateja simu. Siku zote aliiweka spika, tusikie anavyopendwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Habari za mashine?"

"Nzuri, ila..."

"Safi sana! Ubarikiwe mama."

Akakata.

Nani huku hajui kwamba ile "nzuri" ya kwanza haina kitu ndani? Hata mfiwa huanza na nzuri, halafu ndipo anakueleza. Habari yenyewe inaanzia kwenye "ila". Mtu aliyezaliwa na kukulia Pwani hii hii, anakataje simu hapo? Nilimwambia ampigie tena. Akasema mama akiwa na shida atapiga mwenyewe, akaibeba simu yenye namba za wateja wote, akaenda kunywa supu. Mama alipiga kweli. Alikuwa amegusa sanduku akalikuta limepoa. Simu iliita hadi akachoka, akatazama taa ya kijani, akaamua kuiamini mashine.

Tulipoitwa tukafika Kibuta, siku ya kutotoa ilikuwa imeshapita. Mama alipasua yai moja mbele yetu, kwenye sahani. Kifaranga kilikuwa kimekamilika, na manyoya yake. Nilishindwa kumtazama usoni. Mtaalamu alilaumu panya.

Niliiandika ile mistari palepale, laptopu juu ya sanduku: Lua ikisema imeshindwa, taa inageuka nyekundu na honi inalia mpaka mtu aje. Yeye alichungulia begani kwangu akasema poa, hata yeye alipanga kuiweka kwenye toleo lijalo.

Akina mama walichangishana mayai tena, safari hii machache mno. Haikupita wiki mtaalamu akarudi kwenye simu zake, spika juu.

"Shikamoo mama. Habari za mashine?"

"Mbaya."

Hakuitikia shikamoo. Mwalimu aliyewafundisha watoto wa Kibuta kusalimia! Mtaalamu alishusha miguu kutoka kwenye ndoo.

"Mbaya kivipi, mama? Honi inalia?"

"Mashine ni nzima. Nimesema hivyo ili usikate. Wenye mayai wako hapa, wana maneno na wewe, mmoja mmoja."

Alinitazama kama anayeomba msaada. Nikavuta kiti changu karibu na spika.