Uzio Mwekundu wa Kuku Wangu

Mimi, bibi ninayeheshimiwa Lumemo nzima, juzi niliumbuka mbele ya kuku wangu mwenyewe.

Ninafagia bustani ya mke wa Mjerumani, mkubwa wa boma. Alipanda vichaka vya mapambo vya kwao, anaviita hatrigeli, vijiti vyekundu kama pilipili. Mwisho wa kiangazi vikapukutika majani yote. Nikajua vimekufa. Nikavikata kwa panga, nikavichomeka kuzunguka banda langu, vicheche wasile kuku.

Mama yule akavililia vichaka vyake. Tangu vita vya Maji Maji boma halina mzaha, nikaogopa viboko, nikamsingizia mbuzi wa jirani yangu Ligola. Mbuzi akafungwa bomani, achinjwe Noeli, na Ligola hana mwingine.

Ligola akaniuliza, "Bibi, mbuzi gani anakata kwa panga?"

"Wako ana meno makali kama ulimi wako!"

Mvua zikanyesha. Mama yule akaja kununua mayai, Ligola akimbebea kikapu. Nikawakaribisha kwa maringo, "Njooni muone banda la mwanamke hodari!"

Mama akashika kijiti kimoja. Uzio wote mwekundu ulikuwa umechipua majani.

Ligola akainama kwa adabu. "Shikamoo, Bibi Mbuzi."